Mombasa hadi Siyu: Siku sita za ushairi kwa wanafunzi wa sekondari

Kabla ya kuondoka

Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya hukutana na shairi likiwa limeshageuzwa swali. Karatasi ya tatu ya Kiswahili kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ni ya fasihi, na swali la ushairi lina alama 20: taja bahari (aina ya shairi), eleza umbo, onyesha uhuru wa mshairi, andika ubeti wa tatu kwa lugha ya nathari. Anahesabu mizani, yaani silabi, kabla hajausikia ubeti ukisomwa kwa sauti hata mara moja. Safari hii ya kupanda kaskazini mwa pwani inapindua utaratibu huo. Unasikia kwanza, unaimba pili, na kuhesabu kunakuja mwisho.

Kundi lisizidi wanafunzi kumi na wawili na walimu wawili. Wakiwa wengi zaidi mashua moja haiwatoshi, na mzee wa watu hawezi kukaa barazani akajibu maswali ya watu thelathini. Likizo ya Agosti inafaa kuliko ya Aprili, maana masika hugeuza njia ya kutoka mji wa Pate kwenda Siyu, kisiwani Pate, kuwa tope. Desemba kunapitika, ila jua la kaskazi ni kali kwa watu wanaotembea.

Tarehe ya kuondoka hupangwa kwa kutazama mwezi angani. Mashua za kwenda kisiwa cha Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara, na Mkanda haupitiki maji yakiwa yamekupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na saa nne asubuhi yamekwishakupwa. Kila siku hujaa yakichelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo siku ya kwanza, ya Mombasa, iwe siku mbili baada ya mwezi mpevu: siku ya nne ya safari maji yatajaa karibu saa tatu asubuhi, na siku ya sita kwenye saa nne na nusu. Tatizo ni kwamba siku hizo zinaangukia maji mafu, yasiyojaa sana, basi nahodha akisema tuondoke sasa hivi, ni sasa hivi.

Vitu vya kubeba ni vichache: barua ya shule yenye majina yote na nakala zake nne, kadi ya mwanafunzi, kofia, viatu visivyoharibika kwa maji ya chumvi, nguo za heshima zinazofunika mabega na magoti. Daftari liwe la jalada gumu. Andikeni kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu nyingi hutawanyika ukirushiwa maji, na daftari likae ndani ya mkebe wenye kifuniko kinachobana. Kila mwanafunzi ahifadhi beti tano za shairi moja la zamani kabla ya kupanda basi. Asiyehifadhi chochote atafika Siyu akiwa mtalii.

Siku ya kwanza: Mombasa

Asubuhi ni Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Wanafunzi wengi hukimbilia mizinga. Kwa msomaji wa mashairi, kipindi cha kuulizia hapa ni cha Wamazrui, walioitawala Mombasa hadi mwaka 1837, kwa sababu ndicho kipindi cha Muyaka bin Haji, aliyezaliwa kwenye miaka ya 1770 na kufariki karibu na mwaka 1840. Muyaka alitunga juu ya mapenzi, njaa, biashara na nyumba iliyokosa utulivu, lakini pia alitunga mashairi ya vita wakati Mombasa ilipogombana na Lamu na baadaye na Seyyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar. Lamu nayo ilikuwa na mshairi wake, Zahidi Mngumi, na maneno yalirushwa kutoka mji hadi mji.

Hapa ndipo usomaji wa darasani unapokwama. Shairi la majibizano likisomwa peke yake linaonekana limejaa mafumbo yasiyo na mlango. Kabla ya kuuliza “dhamira ni nini?”, uliza “anamjibu nani, na yule alisema nini?” Zoezi la asubuhi ni jepesi: wanafunzi wawili wasimame mbali kwa hatua kumi, mmoja asome ubeti wa Mombasa, wa pili ajibu kwa ubeti aliojitungia kwa vina vilevile. Mara moja watagundua kwamba kibwagizo, mshororo unaorudiwa, kipo ili hadhira ipate pa kuitikia, na kwamba jibu lililokosa vina vya mwenzake huhesabiwa kushindwa hata likiwa na hoja nzuri.

Tungo za Muyaka zilibaki vichwani mwa watu kwa muda mrefu. Mwalimu Sikujua wa Mombasa ndiye aliyezikusanya pamoja na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19, na diwani ikachapishwa mwaka 1940. Mkikuta neno limeandikwa tofauti katika vitabu viwili, msikimbilie kusema ni kosa la chapa. Andikeni yote mawili, mkawaulizie huko mbele.

Mchana, baada ya kuzunguka Mji wa Kale, someni kurasa chache za *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa. Alifungwa mwaka 1969, akiwa na miaka 22, kwa ajili ya kijikaratasi kilichoikosoa serikali, akakaa gerezani miaka mitatu. Mashairi yake aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na kitabu kikatoka mwaka 1973. Kijana anayeona vina na mizani kama minyororo ya wazee asome kitabu hiki kwanza, maana aliyefungwa kwelikweli alichagua kuandika kwa vina na mizani. Ubeti wenye kipimo hukaa kichwani karatasi ikichukuliwa.

Siku ya pili: Barabarani

Basi huondoka alfajiri. Kutoka Mombasa hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Malindi, Garsen na Witu, na siku hizi barabara ni ya lami. Hesabuni saa saba, na zaidi ya hapo vizuizi vya polisi vikiwa na foleni. Hapo ndipo barua ya shule inafanya kazi: abiria wote hushuka na vitambulisho, na mwanafunzi asiye na kitambulisho cha taifa wala kadi ya shule huchelewesha basi zima. Mto Tana ukifurika, barabara karibu na Garsen hukatika, kwa hiyo mpigieni simu wakala wa basi siku moja kabla.

Basini msisome, mtatapika. Hii ni siku ya kusikiliza na kusimulia, na nchi mnayoipita ni ya Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa simulizi za pwani. Simulizi zake zimefungamana na Ozi na Kipini, kwenye mdomo wa Tana. Mwalimu asimulie namna alivyofungwa gerezani, akampa kijakazi Saada ujumbe kwa mama yake, na mama akaoka mkate wa wishwa akaficha tupa ndani yake. Walinzi hawakuugusa kwa kuwa ulikuwa mkate wa makapi. Usiku wa ngoma ya gungu akakata pingu huku nyimbo na matari vikizima sauti ya tupa. Utenzi wake unaojulikana zaidi uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Waulizeni wanafunzi: kama ujumbe kwa mama ungeandikwa kwa lugha ya kawaida, Saada angefika nao? Swali hilo hufundisha fumbo kuliko maelezo ya ubaoni ya kipindi kizima.

Mokowe ndiyo mwisho wa barabara. Vaeni majaketi ya kujiokoa kabla ya mashua kung’oa, si katikati ya maji. Kuvuka hadi Lamu hakuchukui hata nusu saa.

Siku ya tatu: Lamu

Hakuna magari ya kupisha, ni punda. Anzeni kwenye jumba la makumbusho la ufukweni. Zitafuteni siwa mbili, zile pembe kubwa za kupulizwa: ya pembe za ndovu iliyotoka Pate, na ya shaba ya Lamu. Kisha simameni mbele ya zidaka, yale matundu yaliyopangwa safu kwa safu katika ukuta wa chokaa, ambamo vyombo vya kauri vilipangwa. Zitazameni vizuri, mhesabu safu, mchore moja kwenye daftari. Kesho mtazihitaji.

Pale makumbusho, ombeni kuona ukurasa wa utenzi ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu, hata kama ni picha. Ubeti wa utenzi, ambao kitabu cha shule huupanga kama mishororo minne, waandishi wa zamani waliuandika kwenye mstari mmoja wenye vipande vinne, na alama ndogo kati ya kipande na kipande. Tena kila irabu ni alama juu au chini ya herufi, hivyo mizani inaonekana kwa macho. Ugumu uko kwingine: hati hiyo ina alama tatu tu za irabu, kwa hiyo i na e hufanana, u na o hufanana. Msomaji huamua kwa kulijua neno. Asiyeijua lahaja husoma neno jingine kabisa.

Baada ya hapo tokeni njiani mkasikilize. Barabara kuu ya mji wa kale huitwa Usita wa Mui. Ukikaa barazani saa moja utasikia *mui* kwa mji, *nti* kwa nchi, *mato* kwa macho, *moya* kwa moja, *ndia* kwa njia. Hakuna anayetafuta vina hapo; ni watu wanaulizana bei ya samaki. Na hili ndilo jambo kubwa la safari nzima. Darasani, mwanafunzi akikuta *nti* mwishoni mwa kipande huandika “tabdila: mshairi amebadilisha neno ili apate kina”, na wakati mwingine hata hupewa alama. Mshairi wa Lamu hakubadilisha chochote. Aliandika anavyosema nyumbani kwao, na *nti* ilikuwa na kina kimoja na *mti* tangu yeye hajazaliwa. Likisanifishwa kuwa *nchi*, kina kinavunjika, na kosa ni la msanifishaji. Tabdila, inkisari (kufupisha neno) na mazda (kurefusha neno) zipo, na washairi huzitumia, lakini kabla hujazitaja jiulize mtungaji alikuwa mtu wa wapi. Ikiwa ni neno la lahaja yake, andika “lahaja”, ueleze ni ipi.

Kurekodi kuna adabu yake. Hodi kwanza, salamu hadi zimalizike, kisha mwalimu aombe ruhusa kwa mzee, na simu itolewe mfukoni baada ya jibu. Msiende adhuhuri ya Ijumaa. Rekodi nyingi za wanafunzi huharibika kwa sababu mbili: upepo wa kusi huvuma ndani ya kinasa sauti, na anayeuliza hukaa karibu na simu kuliko anayejibu. Kaeni ndani ya daka la mlango, funikeni tundu la kinasa sauti kwa kitambaa chepesi, simu iwe kiasi cha shubiri mbili kutoka kwa msemaji. Mwacheni mzee aghani shairi zima bila kukatizwa. Swali la “maana yake nini?” katikati ya ubeti huua mahadhi, na akianza tena hataanza palepale.

Siku ya nne: Mkanda na Pate

Kuweni gatini saa moja kabla ya maji kujaa. Safari ya hadi Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate, ni ya saa moja hadi mbili kutegemea mashua. Ndani ya Mkanda maji ni shwari na mikoko iko pande zote mbili. Hapo ndipo pa kutunga, kwa sababu baadaye, kwenye maji wazi, mtakuwa mmeshika kingo.

Ubeti wa mazoezi, tarbia (ubeti wa mishororo minne) ya mizani nane kwa nane:

*Chombo kimetoka pwani, tanga li wima lavuma,*
*Nahodha yu usukani, haangalii ya nyuma,*
*Kalamu ni mkononi, beti zaja zikikoma,*
*Maji yajaa Mkanda, safari njema salama.*

Uimbeni mara tatu kabla ya mtu kuinua kidole kuhesabu. Kisha hesabuni kwa vidole, sauti moja kidole kimoja: *Ka-la-mu ni m-ko-no-ni*. Ile *m* inasimama peke yake. Wengi huiruka wakapata saba, wakaongeza neno lisilohitajika. Kipande cha mwisho cha ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, ni mtego wa aina nyingine. Ukiandika *Maji yakijaa Mkanda*, inasikika vizuri kwa maneno ya kawaida, ila ni mizani tisa, na waimbaji wote watajikwaa hapo hata kabla hawajajua kwa nini. Sikio hulitambua kosa mapema kuliko vidole.

Kanuni ya *m* si ya kukariri kama orodha. Mtu *mbaya* ana mizani tatu katika neno hilo, m-ba-ya, lakini nyumba *mbaya* ina mbili, mba-ya. Herufi ni zilezile. Ngeli ndiyo inayotofautisha. Litamkeni taratibu mtasikia.

Kutoka Mtangawanda hadi mji wa Pate ni mwendo wa saa moja hivi kwa miguu, au pikipiki kwa wenye mizigo. Hakuna hoteli za kuzoeleka; malazi hupangwa mapema kupitia mwalimu wa shule ya huko. Maji ya kunywa chukueni Lamu, lita tatu kwa mtu kwa siku, kwani visima vingi vina chumvi.

Alasiri jua likipungua, nendeni kwenye magofu na mwenyeji. Kuta za matumbawe zimesimama katikati ya mashamba ya tumbaku na minazi. Mkulima anapalilia hatua mbili kutoka kwenye ukumbi wa watu waliokuwa matajiri. Tafuteni ukuta wenye zidaka. Zilizobaki zimejaa vumbi na mizizi, na michoro ya chokaa inamomonyoka ukiigusa, kwa hiyo msiiguse. Hapo ndipo pa kufungua shairi la *Al-Inkishafi*. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyaona majumba haya Pate ikianguka, akaugeukia moyo wake na kuuonyesha: zidaka za vyombo zimekuwa viota vya ndege, ukumbini hakuna sauti ila ya wadudu. Aliyechora zidaka za Lamu jana hahitaji tanbihi.

Sikilizeni pia kipimo chake. Kila kipande kina mizani kumi na moja, tatu zaidi ya utenzi wa kawaida, na vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja huku cha nne kikishika kina kinachorudi shairi zima. Ukikisoma haraka kwa mbio za utenzi, kinapoteza uzito. Tua baada ya mizani sita, kisha umalizie tano. Msomaji mmoja asome, wengine wakae kimya wakitazama kuta. Mwalimu asieleze chochote kwa dakika kumi. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa mwalimu.

Siku ya tano: Pate hadi Siyu

Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njia ya Siyu ni kama saa mbili kwa miguu, na inagawanyika mara nyingi mashambani, basi mtu wa kuongoza ni lazima. Kufika saa nne jua limeshakaza ni kosa la ratiba.

Siyu ulikuwa mji wa wanazuoni, wanakili wa misahafu na mafundi wa ngozi. Ngome yake ni ya karne ya 19, siku ambazo mji ulikuwa ukipigana na Zanzibar chini ya mtawala wake, Bwana Mataka. Mkewe alikuwa Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, na utenzi wake kwa binti yake, Mwana Hashima, ni wa mwaka 1858, miaka miwili baada ya kifo cha mumewe, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa.

Utenzi huu huleta mabishano makali kuliko chochote kingine katika safari, na mwalimu asiyazime. Wasichana wengi huchukizwa na nasaha za namna ya kumtumikia mume; wavulana wengine huzifurahia mno. Kosa la pande zote mbili ni kusoma beti kumi zilizomo katika vitabu vya mazoezi na kuacha zilizobaki. Utenzi una beti zaidi ya mia moja, na sehemu kubwa ni dua ya mjane anayewaombea watoto na ndugu zake akijua hana muda. Mwanzoni anamwita binti asogee, achukue wino. Basi huyo ni msichana anayejua kuandika, katika mji wa kisiwani, katikati ya karne ya 19. Someni utenzi wote kwa zamu, beti kumi kila mmoja, kwa mahadhi mliyorekodi Lamu. Kwa mwendo huo haufiki saa moja. Kisha bisheni.

Jioni kila mwanafunzi atunge utenzi wa beti saba wa nasaha, kwa mdogo wake anayeingia kidato cha kwanza. Shule ya bweni ina mengi ya kuusiwa: sanduku na kufuli, foleni ya chakula, mwenzako anayeazima kalamu harudishi, kitabu cha hadithi kinachosomwa kwa siri wakati wa masomo ya usiku. Mfano wa kuanzia:

*Andika ulichoona,*
*usiku hata mchana,*
*maneno yakigombana,*
*yapime kwa kuyaimba.*

Kina cha mwisho, *-mba*, ndicho kitakachorudi katika kila ubeti. Chagueni kina chenye maneno mengi. Waliochagua *-mbwe* au *-ngwa* hukwama ubeti wa tatu wakaanza kuandika maneno yasiyo na kazi. Kabla ya kutunga, orodhesheni maneno kumi na tano ya kina hicho pembeni mwa ukurasa. Orodha isipofika kumi, badilisheni kina.

Siku ya sita: Kurudi na maji

Pikipiki au gari la mizigo hadi Mtangawanda mapema, kwa sababu mashua haisubiri. Mashuani kila mmoja aimbe beti zake, na mwenzake wa kulia anyanyue mkono kila anapojikwaa. Penye mkono, weka alama kwa penseli, usirekebishe bado.

Lamu, alasiri, kaeni katika maktaba iliyo ndani ya ngome ya mji, au barazani kukiwa kumefungwa. Sasa ndipo mnahesabu. Alama nyingi za penseli zitakuwa juu ya *m* iliyosahauliwa, juu ya *-ki-* na *-li-* zilizoongezwa, na juu ya majina ya kigeni yenye konsonanti mbili pamoja. Sahihisheni kwa kubadili neno. Inkisari itumike pale tu ambapo hakuna neno jingine. Mkishamaliza, nakilini upya kwa kalamu ya wino, andikeni chini ya kila utenzi jina la mji na tarehe, na nakala ya rekodi za wazee mpeni mwenyeji wenu wa Lamu kabla ya basi la alfajiri.